Usiku wa Kitambaa Cheusi

Mtu wa kwanza kujua kwamba nyumba ile haikuwa tupu alikuwa Damaris, na alijua kwa sababu kazi yake ilikuwa kusikiliza kimya.

Kila mahali walipopiga filamu aliomba dakika moja. Watu wasimame walipo, wasikohoe, simu zizimwe, naye anase sauti ya chumba kikiwa hakina neno. Kila chumba kina kimya chake. Kimya cha chini ya mabati hakifanani na kimya cha chini ya nyasi. Baadaye kimya hicho hutandikwa chini ya mazungumzo ya waigizaji ili sikio la mtazamaji lisihisi mahali vipande vilipounganishwa.

Siku ile, saa tano asubuhi, katika nyumba ya udongo kwenye mwinuko nyuma ya soko la Ogwedhi, aliinua mkono na wote wakaganda. Ilipofika sekunde ya kumi na saba, ndani ya hedifoni, akasikia ufagio.

Mtu alikuwa akifagia sakafu ya udongo kwa ufagio wa njiti. Alifagia polepole, mikwaruzo mirefu, akianzia karibu na kitanda na kusogea kuelekea maikrofoni. Damaris alitupa macho chumbani. Maxwell alikuwa nyuma ya kamera yake. Wesley, mwigizaji wa kiume, alikuwa ameegemea ukuta. Dorine, mdogo wake Damaris, alikuwa amesimama dirishani akizuia kupiga chafya. Oliver, mwongozaji, alikuwa mlangoni. Hakuna aliyekuwa na ufagio. Sakafu ilikuwa na vumbi la miaka, na vumbi lile halikutikisika.

Dakika ilipokwisha alivua hedifoni. "Nani anafagia huko nje?"

"Hakuna mtu nje," Oliver alisema. "Mwenye nyumba, Mama Mirumbe, ameteremka mtoni."

"Labda ni panya," Wesley akadakia. "Amechoka kuishi kwa uchafu."

Walicheka. Damaris alirudisha nyuma na kusikiliza tena. Ufagio ulikuwepo. Akaandika kwenye daftari lake: *Kimya, chumba cha kulala, kina kasoro. Kurudia.* Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Chuoni walimwita karani.

Filamu ile haikuwa na kampuni nyuma yake. Ilikuwa ya Oliver mwenyewe, akiba yake na michango ya marafiki, watu watano na gari moja la kukodi. Hadithi yake ilikuwa ndogo. Mwanamke kijana ameachwa kwenye mwinuko huku mumewe akichimba dhahabu Osiri, anarudi mara moja kwa mwezi. Mgeni anakuja kukodi chumba cha pili, anafuata mnada wa ng'ombe. Wanatenganishwa na ukuta wa udongo. Hawafanyi mengi, wanatazamana, wanasikia maji yakimwagwa upande wa pili wakati wa kuoga, wanapokezana kikombe. Kisha mume anajua, wazee wanaitwa, mgeni anaulizwa kama anamfahamu mwanamke huyu. Naye anasimama mbele ya wote na kusema, "Namjua. Ni wangu."

"Hapo ndipo filamu ilipo," Oliver aliwaambia siku waliyosoma hati. Macho yake yalilengwa na machozi. "Mwanamume anayesema ukweli hata ukimgharimu."

Damaris alimheshimu kwa machozi yale. Ndiyo maana alipoambiwa mwigizaji wa kike amejitoa, alimpendekeza Dorine, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili na aliyewahi kuigiza kwenye tamasha za shule tu. Mama yao, kule Homa Bay, alikataa kwa wiki mbili. "Nitarudi naye kama ninavyoondoka naye," Damaris alimwahidi. Mama akajibu, "Sawa. Nitakuuliza wewe, si yeye."

Kulikuwa na shida moja. Nusu ya hati ilikuwa ya usiku, na usiku hawangeweza kufanya kazi. Upande wa mpaka wa Narok kulikuwa na fununu za wizi wa ng'ombe, na dereva alikuwa amekula kiapo kwamba saa kumi na mbili jioni gari lake litakuwa limeegeshwa nje ya gesti. Kwa hiyo Oliver alinunua mjini Migori roli mbili za kitambaa cheusi kizito. Walipigilia kitambaa madirishani na mlangoni, wakaziba pembe kwa matope, wakawasha taa ya chemni juu ya meza. Nje jua lilikuwa likichoma mahindi. Ndani ulikuwa usiku wa manane.

"Usiku wa kununua kwa mita," Wesley alisema. "Hata Mungu hajui tuna hii kitu."

Sini ya kwanza ya usiku ule ilikuwa ya kitandani. Hakukuwa na jambo la aibu ndani yake: Dorine alilala chali na nguo zake zote, Wesley akaketi ukingoni, akanyoosha mkono, akasita. Kitanda kilikuwa cha mbao za mkaratusi, kimefungwa kwa kamba za katani, nacho kilikuwa ndani ya nyumba walipoikuta. Damaris alisogeza maikrofoni juu ya kichwa cha mdogo wake. Oliver akanong'ona, "Akshen."

Dorine alifumbua macho. Kwenye hati hakuwa na neno la kusema hapo. Alimpita Wesley kwa macho, akatazama gizani nyuma ya kamera, mahali Oliver alipokuwa amechuchumaa, akasema kwa sauti nzito kidogo kuliko yake:

"Bwairire."

"Kata," Oliver alisema. Sauti yake ilipasuka. "Umesema nini?"

Dorine alikaa, akajikuna shingo. "Mimi? Sijasema kitu."

"Amesalimia kwa Kikisii," Maxwell alisema taratibu. Mama yake alikuwa wa huko. "Ni salamu ya jioni. Dorine, nani amekufundisha?"

"Jamani, mimi hata sijui Kikisii ni ya kupika ama ya kukaanga."

Wakacheka tena, lakini Oliver hakucheka. Alitoka nje akapasua kitambaa cha mlangoni, na mwanga ulioingia ulimfanya kila mtu aone haya, kama watu waliokutwa.

Siku mbili zilizofuata, harufu ilianza. Damaris aliinusa kwanza kwenye nywele za Dorine walipokuwa wakilala pamoja gesti: udongo wa chini kabisa, ule ambao haujawahi kuguswa na jua, na maji yaliyosimama ndani ya jiwe. Kucha za Dorine zilikuwa na tope jekundu. Alizisugua kwa mswaki, na kufikia saa nne tope likawa limerudi. Alikuwa hali ila ugali mkavu. Asubuhi ya tatu Damaris aliamka akamkuta mdogo wake amepiga magoti katikati ya chumba, akifagia saruji kwa viganja vitupu, mikwaruzo mirefu, polepole, kuelekea mlangoni.

"Dori. Dori, unafanya nini?"

"Anakuja leo," Dorine alisema bila kugeuka. "Nyumba ni chafu, na yeye anakuja leo."

"Nani?"

Dorine aligeuka. Uso wake ulikuwa umetulia sana. "Aliyesema atarudi."

Damaris alimwambia Oliver kwamba Dorine ni mgonjwa na hafanyi kazi siku hiyo. Oliver alisema imebaki sini moja tu, ile kubwa, na baada ya hapo atawapeleka Homa Bay yeye mwenyewe. "Nusu saa, Damaris. Atapiga magoti tu. Hana hata neno la kusema." Damaris alikubali, na kukubali kwake kulimuuma kwa muda mrefu kuliko kila kitu kingine.

Hawakuwa na pesa za kuwaleta wazee kumi na wawili, kwa hiyo Oliver aliamua baraza liwe ndani ya nyumba, usiku, na wazee wasionekane. Sauti zao zingenaswa baadaye. Kamera ingetazama uso wa mgeni tu, na chini yake kichwa cha mwanamke aliyepiga magoti. Walipigilia kitambaa upya. Wesley alisimama kwenye mwanga wa chemni, Dorine akapiga magoti, Damaris akavaa hedifoni. Wesley alikuwa mwigizaji mzuri ukimwondolea mizaha. Alivuta pumzi, akainua kidevu, akatamka kwa utulivu. Damaris aliona midomo yake ikisema, *Namjua. Ni wangu.*

Lakini sauti aliyoisikia masikioni haikuwa ya Wesley, wala maneno hayakuwa hayo.

"Huyu mwanamke simjui," ilisema, sauti changa, ya haraka, yenye kicheko kidogo cha mtu anayetaka kueleweka na wakubwa. "Wazee wangu, mimi ni mwanafunzi. Hata maji yake sijawahi kunywa. Kama ana mimba, muulizeni aliyempa."

Ilikuwa sauti ya Oliver.

Walirudia mara nne. Mara zote nne, waliokuwa chumbani walimsikia Wesley akikiri, na mashine ilinasa Oliver akikana. Na kila mara, nyuma ya maneno yale, Damaris alisikia kitu kingine kikiongezeka, pumzi za mwanamke anayejizuia kulia mbele ya watu, kwanza mbali kama aliye nje ya ua, kisha mlangoni, kisha chini, pale pale Dorine alipokuwa amepiga magoti, mpaka katika teki ya nne pumzi zile zilikuwa karibu na maikrofoni kiasi kwamba Damaris alihisi unyevu wake sikioni na akaondoa hedifoni kwa mikono miwili kama mtu anayejivua nyuki.

Alimpa Oliver asikilize. Oliver alisikiliza teki moja, akashusha mikono.

"Futa," alisema.

"Hii ni sauti yako."

"Mashine imeharibika. Nimesema futa."

Hakufuta. Alimwacha Dorine mikononi mwa Maxwell, akavuka ua hadi jikoni kwa Mama Mirumbe.

Mama Mirumbe alikuwa akichambua maharagwe kwa vidole, maana macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Hakuuliza ni nani. Alisema, "Keti, mwanangu. Wewe ndiye wa kusikiliza."

Damaris alimchezea ile sauti kwa spika ndogo ya simu. Mwanamke mzee alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kuchambua.

"Maneno ni hayo hayo," alisema. "Hakuna hata moja amepunguza. Miaka minane."

Akamweleza. Mirumbe alikuwa mwanawe wa pekee, mchimbaji wa Osiri. Mokeira alikuwa mkewe, msichana wa Kisii aliyefagia ua mara mbili kwa siku. Mwaka ule akaja mwanafunzi na kamera, akitaka kupiga picha za mnada. Akapewa chumba cha pili. Alikaa miezi miwili. Mimba ilipoonekana, wazee waliketi humo humo ndani, usiku, maana mvua ilikuwa ikinyesha. Mwanafunzi aliulizwa. Akajibu. Mirumbe akamfungulia mkewe mlango, usiku ule ule. Mokeira hakurudi kwao. Alitembea kwenda Osiri, siku tatu, watu wanasema alikuwa akimfuata mwanafunzi, wengine wanasema mume. Walimtoa kwenye shimo lililoachwa, baada ya mvua, kucha zote zimejaa tope jekundu kwa kujaribu kupanda. Mirumbe alimzika nyuma ya nyumba, akavuka kwenda Tanzania, na hakuna aliyemsikia tena.

"Mama, ulijua kwamba ni yeye? Alipokuja kukodi?"

"Alipofungua mdomo tu. Alidhani kipofu hana kumbukumbu." Akapuliza maganda. "Wewe unafikiri nilimpa nyumba kwa sababu ya ile elfu tatu?"

"Lakini Dorine hajakukosea!"

Hapo vidole vya mama vilisimama. "Nilimwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili na nikamrudia kwa Dholuo. Nyumba pigeni picha, lakini kitanda cha aliyekufa, mwanamke mwingine asikilalie mbele ya mwanamume. Akilala hapo amekuwa *nyieka*, mke mwenza. Na mke mwenza aliye chini ya ardhi hagawi zamu. Hakuwaambia?"

"Hakutuambia."

"Basi amemkana na mdogo wako pia."

Dorine hakuamka asubuhi iliyofuata. Alikuwa anapumua, lakini mara moja kwa muda mrefu, na mwili wake ulikuwa baridi kama chungu. Daktari wa zahanati alimpima malaria, akampima sukari, akasema awahishwe hospitali kubwa. Walipompandisha garini, kila walipokaribia barabara ya lami pumzi zake zilipungua. Maxwell ndiye aliyegundua, akihesabu kwa saa yake. Walipogeuza gari zikarudi. Mwishowe wakamlaza kwenye mkeka, uani kwa Mama Mirumbe, kwa sababu pale tu ndipo alipopumua kama mtu.

Mama Mirumbe alimtuma dereva sokoni kumleta mganga aliyeitwa Nyar Mfangano. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo aliyeuza omena kwa debe kila siku ya mnada, na mikono yake ilinuka kazi hiyo. Hakuwa na tunguri wala ushanga. Alimwinamia Dorine, akamnusa kinywa, akaenda kutazama nyumba, kitambaa cheusi kikiwa bado kimepigiliwa. Aliporudi alikuwa amekasirika.

"Nani alitengeneza huo usiku?"

Macho yote yakamgeukia Oliver.

"Usiku wa Mungu una asubuhi yake. Huu wenu mmeufungua, nani ataufunga? *Jachien*, mzimu mwenye kinyongo, amekaa miaka minane hana mahali pa kutokea, halafu mnamjengea giza mchana na kumtandikia kitanda."

"Mama, mfukuze," Damaris alisema. "Tafadhali. Tutatoa chochote."

"Kufukuza? Huyu si kuku. Huyu ana kesi." Alinyoosha kidole bila kumtazama Oliver. "Wewe. Utaingia peke yako, ukae kwenye kitanda. Atakuuliza, utajibu. Ukisema ukweli, yeye atakubeba au atakuacha, hiyo ni yenu wawili. Ukisema uongo, anaondoka na huyu aliye karibu."

Oliver alikuwa amekaa juu ya sanduku la kamera. Kwa siku mbili alikuwa hajanyoa. "Nilikuwa mtoto," alisema.

"Ulikuwa na miaka ishirini na sita," Damaris alisema. "Nimepiga hesabu."

"Unajua wangenifanya nini usiku ule? Mirumbe alikuwa na panga."

"Na yeye alikuwa na nini?"

Oliver aliwatazama mmoja mmoja. Wesley alikuwa ameinamisha kichwa, bila mzaha hata mmoja. Oliver akainuka, akajipangusa suruali, na Damaris aliona kitu kikirudi usoni mwake, ile hali yake ya siku ya kusoma hati, macho kulengwa na machozi. "Sawa. Nitasema. Lakini Maxwell aweke kamera ndani. Kama nasema, basi iwe ya kweli, iwe ndani ya filamu."

Maxwell alitema mate chini. Lakini maikrofoni ilikuwa bado inaning'inia humo ndani, na Damaris alivaa hedifoni, akakaa chini ya upenu, hatua kumi kutoka kwenye mkeka wa mdogo wake. Saa nane mchana. Jua halikuwa na kivuli hata cha kuku. Kitambaa kilishushwa nyuma ya Oliver.

Alisikia kamba za kitanda zikilia chini ya uzito wake. Alisikia akimeza mate. Kisha mkwaruzo mrefu wa kwanza wa ufagio, na wa pili, ukitoka ukutani, usio na haraka, kama wa mwanamke anayejua kwamba mgeni hataondoka kabla ya kukaribishwa, na harufu ya shimo ikapita chini ya kitambaa, ikamfikia Damaris pale alipokaa, nzito hata ulimi ukaionja, na ufagio ukasimama, na sauti ikauliza, si kwa hasira, karibu kwa upole:

"Unanijua?"

Damaris aligeuza kichwa. Kwenye mkeka, macho yakiwa yamefumbwa, midomo ya Dorine ilikuwa imecheza na neno lile.

Ndani, Oliver alicheka kidogo. "Nimekuja kutengeneza filamu," alisema. "Ni ya kumheshimu. Ni ya kumheshimu mwanamke kama... kama hao."

"Unanijua?"

"Niliandika vizuri. Katika hadithi anakiri. Nimembadilisha. Si hiyo inatosha?"

Kitu kiliketi kitandani karibu naye. Kamba zililia tena, kwa uzito wa pili, na maji yakaanza kudondoka juu ya udongo, tone, tone, na pumzi ile ya kujizuia kulia ikawa karibu sana na pumzi yake yeye iliyokuwa ikikimbia, na kwa mara ya tatu ikauliza, na uani midomo ya Dorine ikauliza, na Damaris bila kujua naye alikuwa akiuliza, *unanijua, unanijua*, akimwomba mwanamume yule kwa moyo wake wote aseme neno moja, neno moja tu alilolikariri na kulifundisha na kulililia mbele yao wote.

"Simjui mtu hapa," Oliver alisema haraka. "Mimi simjui mtu yeyote hapa."

Kifua cha Dorine kilishuka, hakikupanda.

"Amekana," Nyar Mfangano alisema, akipiga magoti. "Mwite! Mwite mdogo wako jina!"

Damaris hakumwita. Alitupa hedifoni, akavuka upenu, akainua kitambaa, akaingia. Giza lilikuwa na ubaridi wa kisima. Hakuona kitanda wala aliyekaa juu yake. Aliongea kuelekea mahali maji yalipokuwa yakidondoka, kwa Kiswahili chake sanifu cha shule, kwa sauti iliyotetemeka lakini isiyokosa hata silabi.

"Mokeira. Anakujua. Nimemsikia kwa masikio yangu mara nne, maneno yake yote ninayo. Alikula kwako miezi miwili. Alikuahidi atarudi. Mimi ni shahidi wako. Yule msichana nje hajui lolote, ni mtoto wa mama yangu, hana zamu katika nyumba hii. Mwenye kesi ni huyu. Mchukue."

"Damaris!" Oliver alilia. "Unafanya nini? Damaris, sema hujui!"

Maji yaliacha kudondoka. Kitu chenye unyevu kilimgusa Damaris mkono, kidogo tu, kama vile mwanamke anavyomgusa mwenzake anapompita kwenye mlango mwembamba. Akatoka kinyumenyume, kitambaa kikaanguka nyuma yake, na humo ndani hakukuwa na ukelele wala kishindo, ila sauti ya mwanamke akinong'ona jambo refu sikioni mwa mtu.

Uani, Dorine alikohoa. Alitapika maji mekundu, mengi, akalia, akamtaja mama yao, akasema ana njaa. Mama Mirumbe alikuwa ameshachukua kikombe cha uji.

Walimkumbatia, wakampangusa, Wesley akalia waziwazi. Nyar Mfangano alimvuta Damaris kando. "Nisikilize. Yule wa ndani atatoka sasa hivi, na atatembea. Huyo mwanamke hakutaka damu. Angetaka angechukua zamani. Lakini yeyote atakayemdai, aseme huyu ni wetu, amewadai wote wawili, yeye na aliyekufa. Umeelewa? Wote wawili."

Kitambaa kilisogea. Oliver alitoka, akikunja macho kwa jua. Hakuwa na jeraha. Alikuwa hata na nafuu usoni, kama mtu aliyemaliza mtihani.

"Imekwisha," alisema. "Maxwell, toa hivyo vitambaa."

Maxwell alimtazama juu hadi chini. "Samahani, kaka. Unamtafuta nani?"

"Usinichezee."

"Hapa kuna mgonjwa," Wesley alisema kwa adabu, akisimama mbele ya Dorine. "Kama ni habari ya nyumba ya kukodi, ongea na mama."

Oliver alicheka. Alicheka kidogo, kile kicheko cha kutaka kueleweka na wakubwa. Akamwendea dereva, dereva alirudi nyuma hatua mbili na kufunga mlango wa gari. Akatoa simu, akampigia mama yake mzazi, akaweka spika. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole. Alisikiliza mpaka mwisho. "Umekosea namba, mwanangu," alisema. "Mimi Mungu hakunipa mtoto wa kiume. Lakini pole kwa shida yako."

Mama Mirumbe ndiye aliyemkaribia. Aliinua mikono, akampapasa uso wote, paji, pua, kidevu, akatikisa kichwa. "Sauti hii siijui," alisema, na hakukuwa na ushindi ndani yake. Alikuwa tayari amesahau alichokuwa akikisubiri miaka minane. "Karibu maji, mgeni. Jua ni kali."

Ndipo Oliver alipomgeukia Damaris. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele yake.

"Wewe unanijua. Wewe una kumbukumbu ya kila kitu. Una sauti yangu kwenye mashine." Alishika pindo la sketi yake. "Niite jina. Mara moja tu, mbele yao. Waambie mimi ni nani."

Wote wakamtazama Damaris. Dorine alikuwa amemwegemea begani, joto, kikombe mikononi, naye pia alimtazama. "Dada, huyu ni nani?"

Damaris alikuwa ameshajiandaa kusema uongo. Aliupanga, akauona ni mdogo na wa haki, akaukubali kwa ajili ya mama yao kule Homa Bay ambaye angemuuliza yeye na si mwingine. Alimtazama yule mwanamume, macho mekundu, ndevu za siku mbili, vumbi magotini. Akatafuta lile jina ili alifiche.

Akalitafuta tena.

"Simjui," alisema, na neno likiwa bado mdomoni, akatambua kwamba hakuwa akisema uongo.